Barua kwa wanangu mnaokwenda kuishi Hungaria

Wanangu,

Nimesikia kwamba mwezi wa tisa kundi jingine linaondoka kwenda Budapest, Debrecen, Szeged na Pécs, na wengi wenu mmepata Stipendium Hungaricum, ufadhili wa masomo wa serikali ya Hungaria. Hongereni sana. Mimi nilitoka Tanga mwaka 1984 nikiwa na begi moja na sweta lililoshindwa na baridi ya wiki ya kwanza. Niko Debrecen hadi leo, mvi zimenijaa. Nina jambo moja kubwa la kuwaambia, mengine ni ya pembeni.

Jifunzeni Kihungaria. Anzeni mwezi wa kwanza, msingoje kuzoea. Najua mtasomeshwa kwa Kiingereza, na ndiyo maana nawaandikia. Sisi wa zamani tulikalishwa Budapest mwaka mzima tukifundishwa lugha kabla ya kugusa kitabu cha fani. Ninyi mmepunguziwa kazi hiyo, na hasara yake nimeiona kwa macho yangu. Kuna kijana niliyempeleka hospitali usiku, yuko mwaka wa tatu, akashindwa kumwambia muuguzi panapouma. Miaka mitatu, wanangu.

Mtaambiwa lugha hii haijifunziki. Wazungu wenzao ndio wasemao hivyo, kwa sababu Kihungaria hakifanani na lugha za majirani zake. Ndugu zake wa mbali ni Kifini na Kiestonia. Lakini nyinyi mmelelewa na Kiswahili, mmezoea kubandika vipande kwenye neno. Szeretlek ni "nakupenda": mimi, wewe na mapenzi yenyewe mmo katika neno moja, kama kwetu. Ház ni nyumba, házam nyumba yangu, házamban ndani ya nyumba yangu. Wao hubandika nyuma zaidi, sisi mbele zaidi. Tena hawana "he" na "she" za kuwasumbua. Wana ő tu, ambayo ni "yeye" yetu, mwanamke kwa mwanamume. Shikeni pia kwamba s husomwa "sh" na sz husomwa "s", ndiyo maana wenyewe husema Budapesht, na kila neno hukazwa mwanzoni, sio karibu na mwisho kama tulivyozoea.

Baada ya hapo, salamu. Ukiingia dukani, kwenye lifti, au chumba cha kungojea daktari, salimu waliomo: jó napot kívánok. Ukitoka, aga. Usipofanya hivyo watanyamaza, nawe utadhani wanakuchukia.

Mimi nilidhani hivyo. Ngazi yetu ilikuwa na bibi mmoja wa ghorofa ya pili. Kila asubuhi namwambia jó napot, ananijibu kwa mkato na kupita. Siku moja nikawasikia watoto wa jirani wakimpita mbio huku wakisema csókolom! Nikamuuliza mwalimu wangu maana yake. Akaniambia neno lenyewe ni "nabusu", limefupishwa kutoka "nabusu mkono wako", na mdogo humwambia mkubwa. Nilicheka peke yangu njia nzima, maana wazee wetu wametueleza kwamba shikamoo ilianza kwa kushika miguu. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nampita bibi wa watu bila shikamoo!

Kesho yake nikamwamkia: csókolom. Alisimama. Akaweka chini kikapu chake cha viazi, akaniangalia usoni, akaniuliza nimetoka wapi na kama mama yangu yu hai. Jioni akagonga mlango na sahani iliyofunikwa kitambaa, ndani mna pogácsa za moto, vile vimkate vya chumvi vilivyochanjwa mistari ya kupishana juu. Sahani haikurudi tupu. Nilikaanga maandazi nikampelekea. Toka siku ile hadi alipofariki, mimi nilikuwa na mtu katika nchi hii. Ila hamtasema csókolom kwa wenzenu wa rika moja. Hao ni szia, salamu ya marafiki.

Bibi yule ndiye aliyenifundisha jikoni mwao. Kitunguu hukaangwa taratibu hadi kilegee, kisha sufuria huepuliwa motoni ndipo paprika ya unga itiwe, la sivyo huungua ikawa chungu. Wale msiokula nguruwe, sikilizeni vizuri: kitunguu hicho mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, hata kama nyama ni ya ng'ombe. Mdomoni watu husema disznó, lakini kwenye pakiti dukani limeandikwa sertés. Jifunzeni yote mawili. Mkitamani ugali, tafuteni kukoricaliszt, unga wa mahindi. Si wa nyumbani, ila huponya.

Majina yao huanza na la ukoo. Yule mchezaji wa mpira ambaye dunia humwita Ferenc Puskás, hapa ni Puskás Ferenc. Kwenye fomu, vezetéknév ni la ukoo. Mimi ofisi moja iligeuza majina yangu, kadi zikapingana, nikapoteza miezi miwili nikizungushwa kutoka dirisha hadi dirisha. Someni kila karatasi kabla ya kuondoka dirishani, na tembeeni na kibali chenu cha kuishi.

Mgahawani, msitoe noti huku mkisema köszönöm. Kwao asante ya wakati huo maana yake "chenji baki nayo". Pesa yangu ya chakula cha wiki iliondoka hivyo, mhudumu akinishukuru kwa heshima zote. Mkialikwa nyumbani kwa mtu, vueni viatu mlangoni. Maua yawe idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwani shufwa ni ya msibani. Na wengi hawagonganishi glasi za bia. Husemwa kwamba Waaustria waligonganisha zao walipowanyonga na kuwapiga risasi makamanda 13 wa jeshi la Hungaria mjini Arad, tarehe 6 Oktoba 1849. Hata anayekunywa juisi aijue habari hiyo, maana jeraha hilo bado lina wenyewe.

Sitawaficha: mtakodolewa macho, hasa miji midogo, na yuko atakayewatamkia neno baya kwenye tramu. Linauma. Msilibebe peke yenu, mwambieni mtu siku hiyo hiyo. Mkitishiwa, namba ni 112.

Naliogopa zaidi giza la Desemba. Saa kumi jioni jua limeshazama, na kijana mwenye afya huanza kulala mchana, kukosa vipindi, kutopokea simu ya mama. Mkiona hivyo kwa mwenzenu, nendeni mkamgongee. Mkiona kwenu wenyewe, nendeni kwa daktari kama ambavyo mngekwenda kwa malaria. Tarehe 24 Desemba maduka mengi hufungwa, usafiri wa mjini hupungua mchana ule, na kila familia hujifungia ndani na mti wake. Usiku huo ndio mrefu kuliko wote kwa mgeni.

Walioko Debrecen waje kwangu, kabla ya saa tisa alasiri wakati tramu bado zipo. Wali wa nazi utakuwepo, na supu ya samaki kwa desturi ya wenyeji. Walioko miji mingine, pangeni sasa, kabla hata hamjapanda ndege, mtakuwa kwa nani.

Mzee wenu,
Debrecen