Kipimo kipya cha figo si cha kila mtu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vipimo vya mkojo vinavyogundua mapema jeraha la figo nimeisoma kwa furaha; ni nadra figo kupewa ukurasa mzima. Ila mwandishi alipohimiza kila mtu akapime, hapo sikubaliani naye. Nasema hivi nikiwa muuguzi wa wagonjwa mahututi.

Aliyosema juu ya kreatinini, ile taka inayorundikana kwenye damu figo zikishindwa kuitoa, kwamba huchelewa kuonyesha jeraha, ni kweli tupu, na angeweza hata kukaza zaidi. Figo ikiumia leo, tuseme kwenye upasuaji wa moyo, kreatinini katika damu huenda ikaanza kupanda baada ya siku moja au mbili. Tena kreatinini hutokana na misuli. Mzee aliyekonda kwa kulala kitandani anaweza kupata majibu ya kawaida kabisa huku figo zake zikiwa hoi. Daktari anaona namba nzuri, antibiotiki ya jentamaisini inaendelea, na diklofenaki ya maumivu juu yake, zote mbili dawa zinazoweza kuumiza figo.

Mkojo huwahi kutoa habari kwa sababu protini kama NGAL na KIM-1 huongezeka pale seli za mirija ya figo zinapoumia. Utafiti wa mwaka 2005 kwa watoto 71 waliopasuliwa moyo ulikuta NGAL imeshapanda kwenye mkojo saa 2 tu baadaye. Lakini hao ni watoto ambao saa ya kuumia figo ilijulikana. Mtu anayejiendea na shughuli zake hana saa hiyo, na akiwa na UTI tu, NGAL inaweza kupanda akarudi nyumbani na hofu ya bure. Mwenye kisukari au presha bado anafaa kupimwa albumini (aina ya protini) ya mkojo na kreatinini, basi.

Halafu majibu yakitoka, nani afanye nini? Dawa ya kuponya jeraha hilo haipo. Nchini Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulichukua wagonjwa 276 wa upasuaji wa moyo ambao mkojo wao ulionyesha hatari. Waliofuatiliwa kwa karibu maji, presha na sukari, na kuepushwa na dawa zinazoumiza figo, waliopata jeraha walikuwa asilimia 55.1, wenzao wa huduma ya kawaida, asilimia 71.7. Vifo na mahitaji ya kusafishwa damu havikutofautiana. Faida ipo, ila ilitokana na uangalizi uliofuata majibu.

Na uangalizi ndipo tunapolegea. Mgonjwa wa kilo 60 akitoa mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, kwa saa 6 mfululizo, hicho tayari ni kigezo cha jeraha la figo, na kinachohitajika ni mfuko wenye vipimo na kalamu. Nimeshaona chati za usiku zikiachwa wazi, kisha alfajiri zikajazwa kwa kukisia. Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, aombe kwanza kuonyeshwa chati hizo, ndipo aulizie bei ya mashine.

Muuguzi, wodi ya wagonjwa mahututi