Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma): tulitazame kundi, tumhukumu mtu

Mheshimiwa Profesa,

Salaam. Kila msimu wa mitihani ofisi yako huletewa majina ya wanafunzi walionaswa na vikaratasi, na kila mmoja huhojiwa kana kwamba alilipanga jambo lake peke yake. Mimi ni mhadhiri na msahihishaji, na nakuomba tubadili pa kuanzia. Udanganyifu unaotuumiza zaidi hufanywa na kundi: wanaoketi pamoja, wanaotumiana majibu kwa simu, wanaoamini kuwa wenzao wote wanafanya hivyo. Mwaka 1993 Donald McCabe na Linda Treviño walichapisha utafiti uliohusu wanafunzi zaidi ya 6,000 nchini Marekani. Walikuta kwamba mwenendo wa wenzake, kama mwanafunzi anavyouona, ulihusiana na udanganyifu kuliko hata ukali wa adhabu.

Chuo Kikuu cha Harvard kilionja hilo mwaka 2012. Mtihani ulikuwa wa kufanyia nyumbani, hapakuwa na ukumbi wala msimamizi. Ni msahihishaji aliyeona majibu yanashabihiana mno. Kati ya wanafunzi 279 wa kozi ile, wapatao 125 walichunguzwa, na takriban 70 wakalazimika kuondoka chuoni kwa muda.

Kwenye mitihani ya kuchagua jibu, kompyuta inaweza kulinganisha karatasi zote, mbili mbili. Kinachotafutwa ni makosa yanayofanana, kwa kuwa wanafunzi wawili hodari lazima watafanana kwenye majibu sahihi. Vipimo vya namna hii vimekuwepo tangu miaka ya 1970, na kuvipuuza ni uzembe wetu.

Ila hapa ndipo ninapoogopa, Profesa, na naomba unisikilize kwa makini. Darasa la wanafunzi 300 lina jozi 44,850. Tukisema jozi yoyote ambayo mfanano wake hutokea kwa bahati mara moja tu katika 1,000 ni ya wezi wa mtihani, tutapata jozi 45 hivi hata kama hakuna aliyeinua macho kwenye karatasi yake. Hao ni vijana wasio na hatia, na barua ya kufukuzwa haina huruma. Kisha wapo waliosoma pamoja na kufundishwa kosa lilelile; karatasi zao zitafanana bila wizi wowote. Hata wizi ukiwepo, takwimu haisemi nani alinakili na nani aliibiwa. Na kama wa kwanza anafanana na wa pili, na wa pili na wa tatu, bado hatujathibitisha lolote kati ya wa kwanza na wa tatu. Nimesikia wenzangu wakitaka kundi zima lifukuzwe kwa mpigo mmoja. Napinga hilo kwa nguvu zangu zote.

Kwa hiyo orodha ya kompyuta iwe sababu ya kuanza kuuliza. Ilinganishwe na ramani ya viti, na matoleo ya mtihani waliyopewa. Kila mwanafunzi aitwe peke yake, aoneshwe ushahidi, ajieleze.

Ramani hiyo kwa sasa hatuna, maana kila mtu huketi apendapo. Steven Levitt na Ming-Jen Lin walichunguza kozi moja ya chuo kikuu cha Marekani na kukadiria kuwa angalau asilimia 10 ya wanafunzi walinakili katika mtihani wa katikati ya muhula. Katika mtihani wa mwisho viti vilipangwa kwa bahati nasibu na wasimamizi wakaongezwa. Dalili za kunakili zikakaribia kutoweka. Hakuna aliyehitaji kufukuzwa ili hilo litokee.

Naomba basi, kabla ya mitihani ijayo, uagize viti vipangwe na kompyuta, orodha ibandikwe mlangoni asubuhi ya mtihani, na nakala itunzwe hadi rufaa zote ziishe. Wahadhiri wa takwimu tuko tayari kuiandaa programu hiyo bila malipo.

Wako katika taaluma,
Mhadhiri na msahihishaji