Wauguzi, wakunga na wauza dawa wafundishwe pamoja kutibu ulevi

Bwana Mhariri,

Kila mara ulevi unapozungumzwa hapa Lubumbashi, kinachoombwa ni kimoja tu, nacho ni kujengewa kituo kipya cha matibabu. Silipingi ombi hilo, kwa maana kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain hakiwezi kuubeba mji mzima peke yake. Lakini katika miaka 19 ya uuguzi nimeona kwamba mtu wa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, au wa bangi ni nadra kufika kwetu akisema kuwa ameshindwa kuacha. Anafika na mguu uliovunjika, na kikohozi kisichoisha au na mimba ya miezi saba, nasi tunatibu kile alichokitaja na kumruhusu arudi nyumbani.

Katika hospitali moja niliyowahi kufanyia kazi, alilazwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyeanguka kwenye pikipiki. Siku ya kwanza mikono yake ilitetemeka, tukadhani ni maumivu. Usiku wa pili alipatwa na degedege, na siku ya tatu alikuwa akitokwa na jasho jingi na kufukuza wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Ndugu zake walisema amelogwa, nasi tukamfunga mikono kitandani. Hakuna kati yetu, si daktari wa mifupa, si mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wala mimi mwenyewe, aliyemuuliza mkewe kwamba mzee alikuwa akinywa kiasi gani, na mara ya mwisho alikunywa lini. Mwili uliozoea pombe kali kila siku ukiikosa ghafla, kutetemeka huanza baada ya saa chache, degedege huweza kuja kati ya saa ya 6 na ya 48, na kuchanganyikiwa kwa namna hiyo hufuata kati ya siku ya pili na ya nne. Fundi huyo alifariki alfajiri ya siku ya nne, na diazepamu pamoja na vitamini B1, dawa ambazo zingeweza kumsaidia, zilikuwa kabatini mwetu.

Ndiyo maana naomba mafunzo, tena ya pamoja. Daktari akifundishwa peke yake, maarifa yanabaki ofisini mwake, ilhali anayekesha na mgonjwa ni muuguzi. Mkunga husikia yale ambayo mama hatamwambia mwanamume. Muuza dawa ndiye anayemwona kijana akirudi famasi kila baada ya siku mbili kutafuta tramadoli, dawa ya maumivu inayoweza kumfanya mtu mtumwa wake, na muuguzi wa kifua kikuu anajua, au anapaswa kujua, kwamba isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, na pombe vikikutana ini huumia. Wakikaa meza moja kuchambua mgonjwa mmoja, kila mtu atajua amkabidhi nani mgonjwa huyo anapotoka mikononi mwake, akiwemo mwanasaikolojia, ambaye kwa kawaida tunamkumbuka mwisho.

Vifaa vya kufundishia vipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mhGAP mwaka 2010 kwa ajili ya watumishi wasio mabingwa wa magonjwa ya akili, na matatizo ya pombe na dawa za kulevya yamo ndani yake. Lilitunga pia AUDIT, maswali 10 juu ya unywaji ambayo huchukua dakika chache. Maswali hayo, hata hivyo, huhesabu glasi za kipimo maalumu, na lutuku haina kipimo kilichoandikwa popote, kwa hiyo inafaa wauguzi wa komini za Katuba na Kenya hapa mjini washirikishwe kuyaweka katika Kiswahili chetu na katika vipimo vya wanywaji wetu. Tena wafundishwe namna ya kuuliza, kwa sababu mgonjwa aliyeitwa mlevi mbele ya wenzake wodini hatasema kweli tena.

Naiomba idara ya afya ya jimbo letu la Haut-Katanga na shule za wauguzi zianze bila kungoja jengo. Wakati mafunzo yanaandaliwa, fishi ya kumlaza mgonjwa iongezewe mstari mmoja: mara ya mwisho kunywa pombe, siku na saa.

Muuguzi, Lubumbashi