Barua kwa Mama Neema

Kirumba, Mwanza

Mama Neema, rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Barua yako niliipokea juzi jioni kwa mkono wa kijana aliyeshuka na meli ya Nansio. Pale ulipoandika kwamba wakwe zako wamemzuia Neema kwa maelezo kuwa ng'ombe wa mahari walitolewa, na hivyo mtoto ni wao, moyo uliniuma, kwa kuwa maneno hayohayo niliambiwa mimi miaka sita iliyopita, nami nikayaamini muda mrefu mno.

Mahari haimnunui mtoto. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto. Mila za wazazi huzingatiwa, lakini haziwezi kuupiku ustawi huo. Sheria hiyo, pamoja na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, huchukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Neema ana miaka minne. Hata hivyo usibweteke, maana dhana hiyo yaweza kupingwa, na hakimu hutakiwa pia kufikiria madhara ya kumvurugia mtoto maisha kwa kumhamisha. Kila mwezi unaopita ukisubiri wakwe walainike, Neema anazidi kuzoea huko.

Huna haja ya kungoja talaka. Shauri la talaka ndilo linalotangulia kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Maombi ya malezi na matunzo waweza kuyapeleka Mahakama ya Watoto ukiwa bado kwenye ndoa. Ila anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu.

Nikueleze yaliyonipata kwa afisa kama huyo. Mwanangu alikaa kwenye benchi, amepakata kiatu kimoja kilichokatika kamba, nami nikasimulia karibu saa nzima ulevi na matusi ya baba yake. Afisa alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: mtoto hulala saa ngapi, nani humwamsha, kliniki alikwenda lini? Kadi ya kliniki nilikuwa nimeiacha nyumbani. Habari za mume nilikuwa nazo tele. Za mtoto, ambaye ndiye aliyetupeleka pale, nilizijibu kwa kubabaika. Mama Neema, wewe nenda na cheti cha kuzaliwa, kadi hiyo, na jirani aliyekuona ukimlea.

Liko jambo litakalokukera, lakini sitalificha. Utakapompata Neema, usimzuie kumwona baba yake, hata akiwa hajatuma senti. Sheria ya Mtoto inampa mtoto mwenyewe haki ya kumtembelea mzazi asiyeishi naye, ilimradi masomo yake yasivurugike. Fedha za matunzo zidai mahakamani, kwa kuwa wajibu wa baba haukomi kwa sababu mtoto analala kwako. Usizidai kwa kumfungia mtoto mlango. Mimi nilifanya hivyo majuma mawili, na mwanangu akaacha kula.

Ukikwama kuandika maombi, watafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao hailipiwi. Au panda meli uje tuandike pamoja, nami nitakupokea bandarini. Karatasi zako zifunge vizuri kwenye nailoni, maana mvua ya ziwani haina taarifa.

Wako akupendaye,
Mama Eliya