Risala ya kikundi chetu cha wafugaji kwa mgeni rasmi, mkuu wa wilaya

Mheshimiwa mgeni rasmi, diwani wetu, wazee wa mila, akina mama na vijana, habari za saa hizi. Karibu sana na pole na vumbi la njiani.

Mheshimiwa, tulianza watu 12 chini ya mgunga ule pale, leo tuko 37, tuna mabomba mawili ya kuogeshea na akaunti benki, yani kata nzima hamna kikundi kilichopiga hatua kama sisi. Tunaishukuru serikali kwa kampeni ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025, kuku wetu wamechanjwa kideri bure.

Kinachotumaliza sasa ni magonjwa mawili ya bakteria, chambavu na kimeta. Chambavu haitafuti ng'ombe aliyekonda, inachukua aliyenona wa miezi 6 mpaka miaka 2, jioni anachechemea, paja limevimba ukilibonyeza linalia kama karatasi, asubuhi amekufa, sumu ya wale bakteria inawahi kuliko dawa. Kimeta ndo usiseme, mzoga hata kuchuna huruhusiwi, na mbegu zake zinakaa ardhini miaka na miaka.

Chanjo ya zote mbili kwa pamoja ipo, inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha, ng'ombe anachomwa mara moja kwa mwaka. Shida ni ubaridi mheshimiwa, inataka nyuzi 2 mpaka 8 na sisi tunaifuata mjini kwa bodaboda kwenye ndoo ya barafu, barafu inaisha njiani, tunachanja hivyohivyo, ng'ombe wanakufa, halafu watu wanasema chanjo ndo imewaua na mwaka unaofuata hawaleti mifugo. Inauma sana.

Kwa heshima kubwa tunaomba friji la sola. Moja tu. Mgeni rasmi wa kwanza tuliyemwomba alisema litakuja ndani ya wiki mbili, tukapiga makofi, wa pili akasema lipo kwenye bajeti, tukapiga tena. Sisi kwa kuamini maneno hayo tukajenga chumba, wapo akina mama waliouza kuku ili bati zipatikane, kina mlango na kufuli na mpaka leo ndani kuna meza peke yake.

Mheshimiwa, mbuzi wako yupo, tumemwandaa kwa moyo mweupe, ila kabla hujapanda gari tunaomba utamke tarehe hapa mbele ya watu na mtendaji aiandike kwenye muhtasari, maana mvua zikishaanza tutakuwa tumechelewa. Funguo ya chumba anayo katibu, ukitaka kukiona ni hatua chache tu kutoka hapo ulipokaa.

Naomba kuwasilisha.