Barua kwa Mwanangu: Zamu Yako Nayo Ni Ibada

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na iliponigusa hasa ni pale uliposema kwamba tangu upangiwe zamu za usiku wodini huna tena nafasi ya mazoezi ya kwaya, na kwamba kwa sababu hiyo unajiona kama mtu aliyeacha kumtumikia Mungu. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana jambo hili ni zito na ningependa ulisome ukiwa umetulia.

Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi, aliwasihi waitoe miili yao iwe "dhabihu iliyo hai, takatifu, ya kumpendeza Mungu", akasema kuwa hiyo ndiyo ibada yao yenye maana. Mwili ndio huo unaousimamisha usiku kucha: mikono, miguu inayouma, macho yanayosinzia saa tisa usiku. Na katika mlango uo huo wa 12 anaendelea kutaja kuhudumu, kurehemu kwa furaha, kuwakaribisha wageni na kulia pamoja nao waliao.

Sasa mfikirie mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Unajua kuliko mimi kwamba hana budi kugeuzwa, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda vya kulalia. Na unajua pia ilivyo rahisi kuandika kwenye karatasi yake kwamba amegeuzwa ilhali hakuna aliyemgusa. Saa hiyo daktari hayupo, ndugu zake wamekwenda kulala, na mgonjwa mwenyewe huenda hana fahamu ya kukushukuru. Ukimgeuza kwa upole, ukalinyoosha shuka lisibaki na mkunjo chini ya mgongo wake, kisha ukaandika saa ile ile uliyofanya hivyo, basi umemwabudu Mungu kwa moyo wako wote, kwa kuwa hapo hapakuwa na mwingine wa kumpendeza. Wakolosai 3:23 inasema, "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu", na walioambiwa maneno hayo walikuwa watumwa, ambao kazi yao hawakuichagua wala hawakutarajia kusifiwa kwayo.

Namkumbuka pia Dorkasi wa Yafa, ambaye habari zake zimo katika Matendo 9. Hatuelezwi kama aliimba vizuri au kama alisimama mbele ya watu kuomba. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea enzi za uhai wake. Mimi huona kwamba ushuhuda huo wa mishono unatosha kabisa, na natamani makanisa yetu yangeuheshimu kama yanavyoheshimu sauti nzuri.

Hata hivyo, usinielewe vibaya ukadhani kwamba kusanyiko ni la hiari. Waebrania 10:25 inatuonya tusiache kukusanyika pamoja, na nimewaona watu walioanza kwa kusema kuwa kazi yao ni ibada wakaishia kubaki na kazi peke yake. Moyo usiolishwa kwa Neno, kwa Meza ya Bwana na kwa maombi ya wenzako hukauka, na mtu aliyekauka huanza kuwajibu wagonjwa kwa ukali. Zamu yako ikiisha asubuhi ya Jumapili nawe una nguvu, nenda kanisani hata kama utakaa kiti cha nyuma. Ukiwa huna nguvu, lala bila kujihukumu, kisha utafute ibada ya katikati ya juma.

Siku nyingine hutajisikia kumpenda mtu yeyote wodini. Usisubiri hisia zije. Unaponawa mikono kabla ya kumwendea mgonjwa, mtaje kwa jina mbele za Mungu, sentensi moja tu, halafu umhudumie.

Kuhusu kwaya, nakushauri umweleze mwalimu wako waziwazi kwamba hutaweza kufika mazoezini hadi ratiba ya zamu ibadilike, ili ampange mwingine katika sauti yako na asiendelee kukungojea. Mweleze wiki hii, kabla hawajaanza nyimbo mpya.

Ni mimi mama yako, nikupendaye na kukuombea.