Niliuliza hesabu ya mtaro, nikaambiwa nataka kiti

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini taarifa ya juzi kuhusu kijana anayewania uwakilishi wadi hapa Lamu imenishinda kuinyamazia. Mmemsifu kwa kutaka uwajibikaji serikalini. Yeye naye asema tumpe kiti kwanza, ndipo atuulizie pesa za wadi zaenda wapi.

Kiti kwanza kwa nini? Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 ikaipa ofisi siku 21 kumjibu mwenye kuuliza, wala haikusema lazima awe mheshimiwa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutolewa kaunti kwa kaunti. Huyu bwana amezisoma? Barua hata moja aliyowahi kuiandikia ofisi yoyote iko wapi?

Yangu iko. Mimi napika mahamri hapa Langoni, nauzia dirishani. Mwaka jana mafundi walikuja kuufumua mtaro unaopita mbele ya mlango wangu. Waling'oa mawe ya kufunikia, wakayarundika ukutani, wakaenda zao. Miezi mitano! Maji machafu yamesimama wazi, watoto wa madrasa waruka kuja kununua, na mwenye kuteleza arudi kwao na kanzu imeloa uvundo. Asubuhi moja punda wa mchanga alitumbukiza mguu mle, ukavunjika. Nilitoka na unga mikononi nikamkuta kalala, magunia yangali mgongoni, na mwenyewe, mtu mzima, amepiga magoti amemkumbatia kichwa. Siku hiyo hiyo nikachukua karatasi nikaandika kwa Kiswahili: kazi hii amepewa nani, kwa shilingi ngapi, na amelipwa kiasi gani? Nikaipeleka ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kijana wa mezani akaisoma yote, akanirudishia. "Mama, hii lete kwa Kiingereza." Kesho yake nikarudi na mjukuu wangu, akamwonyesha sheria kwenye simu: maombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Akaipokea shingo upande, nami sikuondoka mpaka alipopiga muhuri. Kisha akaniuliza, "Kwani bi mkubwa wataka kuwania?"

Siku 21 zikapita, zikafika 70. Kila nikienda, mkubwa yuko mkutanoni. Mwishowe majirani tulichangishana saruji tukafunika mtaro wenyewe. Lakini lile swali bado laniuma kuliko uvundo. Mtu akiuliza pesa ya umma imefanya nini, huonekana anatafuta kura, kana kwamba mpika mahamri hana haki ya kujua kilichochimbwa mlangoni pake. Na hawa wawaniaji ndio wanaozidi kuwazoesha watu fikira hiyo, kwa kuugeuza uwajibikaji kitu cha kuahidiwa wakati wa kura. Makadirio ya bajeti sharti yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mimi nimekaa katika vikao hivyo, nyuma kabisa na wanawake wenzangu, tukipokezana nakala moja ya makaratasi. Sijamwona hata mmoja wa hawa ambao leo picha zao zimejaa kila kichochoro.

Na hizo picha, Mhariri! Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, nao wazibandika kwa gundi juu ya kuta za chokaa na hata juu ya milango ya nakshi. Nimebandua moja kwa maji moto na kisu cha jikoni, chokaa ikaja nayo, pana kama sahani. Hakuna aliyepiga hodi kuniomba ruhusa. Mtu asiyewajibika kwa ukuta wa jirani atawajibika kwa mamilioni ya wadi?

Ombi langu ni hili. Kuanzia leo hadi uchaguzi wa Agosti 2027, msichapishe sura ya mwaniaji yeyote. Chapisheni muhuri. Kila mmoja aje Mkunguni, mbele ya ngome, Ijumaa baada ya alasiri, na barua tatu alizoandika kuulizia fedha za wadi, kila moja na muhuri wa kupokelewa na tarehe, azisome kwa Kiswahili tusikie. Kama amejibiwa, asome majibu. Kama hakujibiwa, aseme alifanya nini siku ya 22. Mgombea huru huhitaji wapiga kura 500 wa wadi wamuunge mkono ndipo aruhusiwe kusimama. Anayeweza kuwapata watu 500 kwa ajili ya jina lake aweza kuwapata hao hao watie sahihi barua moja ya kudai hesabu ya mtaro. Asihangaike kuiandika upya. Nakala ya yangu ninayo ndani, na muhuri wake wasomeka vizuri.

Mpika mahamri,
Langoni, Lamu